Vanga, Tanga na daftari la mezani: historia fupi ya kazi ya usalama wa data

Kazi za programu zilinibana, kisha nikaenda Vanga kusalimia nyumbani. Huko mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne, akaniuliza: "Mjomba, hiyo kazi ya usalama wa data ni kazi gani, na mtu kama mimi ataipata wapi?"

Hakuuliza hivi hivi. Mamake, dada yangu, ni mama karanga. Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyemtajia majina yake matatu, namba ya kitambulisho na kiasi alichoweka asubuhi ile kwenye simu. Akaamini anaongea na wahudumu, akatoa namba ya siri. Mtaji wa samaki ukaenda wote.

Nilipita kwenye kibanda cha wakala. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza: majina, vitambulisho, simu, kiasi, sahihi. Yeyote mwenye macho angesoma. Siwezi kuapa kwamba habari zilitoka pale, lakini mwizi wa namna hii hahitaji hata kompyuta.

Nikamwambia mpwa wangu tuanze mbali kidogo, mwaka 1914. Hapo chini ya Vanga, ng'ambo ya mpaka, ni Tanga. Mwezi Novemba mwaka ule Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India. Walipitia Mombasa, wakateremka na pwani yetu kwenda kuuteka mji ule wa Wajerumani. Lakini siri ilikuwa imekwisha kuvuja. Barua na magazeti yaliyonaswa yalikuwa yamemfikishia von Lettow-Vorbeck habari za safari. Juu ya hayo, tarehe 2 nahodha wa manowari HMS Fox aliingia bandarini kwanza akadai mji usalimu amri. Wajerumani wakapata muda wa kuleta askari kwa reli ya Usambara. Walikuwa kama 1,000 tu, na bado kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki na risasi ufukweni. Januari 1915 vita vikafika Jasin, mlangoni pa Vanga.

Funzo langu ni hili: hasara huonekana mwisho, uvujaji hutangulia. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi kazi ya usalama wa data ni kujua kata ni zipi, na nani anazishika.

Hapa Kenya kazi hii imekua kila tulipoumia. M-Pesa ilianza Machi 2007, pesa ikawa data. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, intaneti ikapata kasi, na wavamizi wakawa karibu nasi kama jirani. Januari 2012 tovuti 103 za serikali zilichafuliwa na mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia. Mwaka 2018 ikaja sheria ya uhalifu wa kompyuta, na Novemba 2019 Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data. Julai 2023 eCitizen ilizidiwa na maombi ya uongo, watu wakakwama. Serikali ilisema data haikuguswa, lakini huduma isiyopatikana nayo ni hasara.

Kutokana na hayo zimezaliwa kazi kama hizi:

1. Mjaribu mianya. Huajiriwa avunje mfumo kwa idhini, kisha aandike ripoti.
2. Mlinzi wa zamu. Husoma kumbukumbu za mitambo usiku na mchana akitafuta kisicho cha kawaida.
3. Mchunguzi wa ushahidi. Hufungua simu na kompyuta ili mahakama ielewe kilichotokea.
4. Afisa wa ulinzi wa data. Huyu ni wa sheria na watu kuliko kompyuta. Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, Kamishna lazima aarifiwe ndani ya saa 72.

Neno "idhini" lisikupite. Kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa, hata kwa kujifunza, kwa sheria ya 2018 ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Fanya mazoezi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Jifunze Linux, jinsi mitandao inavyosafirisha data, na lugha moja ya programu, Python yatosha.

Mpwa wangu alisikiliza, akanyamaza. Kesho yake akaenda kwa wakala na kipande cha kadibodi, akamwonyesha jinsi ya kufunika mistari ya juu ili kila mteja aone mstari wake tu. Wakala alicheka, lakini kadibodi aliiweka.

Nilimwambia: hiyo ndiyo siku yako ya kwanza kazini.