Mwalimu wa Hesabu Katika Udobi wa Jeshi

Shule zilipofungwa kiangazi cha mwaka 1943, Dorothy Vaughan alitafuta kibarua. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari ya Robert Russa Moton mjini Farmville, jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa na watoto wa kulea, na walimu weusi jimboni humo walilipwa pungufu sana kuliko wenzao weupe. Kazi aliyoipata ilikuwa katika udobi wa kambi ya jeshi ya Pickett, kwa senti 40 za dola kwa saa. Huyu ni mtu aliyehitimu Chuo Kikuu cha Wilberforce mwaka 1929.

Kufua nguo za askari ni kazi halali, naye aliifanya kwa bidii. Lakini nchi ilikuwa vitani, viwanda vinatoa ndege usiku na mchana, na watu wa kukokotoa hesabu za ndege hizo walikuwa haba.

Uhaba huo ulionekana zaidi Hampton, kwenye pwani ya jimbo hilohilo. Hapo ilikuwapo maabara ya Langley, mali ya NACA, taasisi ya serikali iliyochunguza sayansi ya urukaji. Tangu 1935 maabara hiyo iliajiri wanawake wa kukokotoa, wote weupe. Mlango kwa weusi haukufunguliwa kwa hisani. Mwaka 1941 A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, alitishia kuongoza maandamano makubwa hadi Washington, na mwezi Juni Rais Roosevelt akatia saini amri namba 8802 iliyokataza ubaguzi katika ajira za ulinzi na serikali. Bila shinikizo lile, Vaughan angerudi darasani Septemba na udobini mwaka uliofuata.

Mwaka 1943 huohuo alijaza fomu za Langley. Desemba akaanza kazi, kwa ajira ya muda wa vita tu.

Kazi yenyewe ilihitaji macho makali na subira. Wahandisi walipima mifano ya ndege ndani ya mahandaki ya upepo. Vipimo vikaletwa kwa wakokotoaji, nao wakavipitisha kwenye fomula, safu baada ya safu, kwa rula za kukokotolea na mashine za mezani, kisha wakachora mikondo ya grafu. Kosa la tarakimu moja liliweza kuharibu kazi nzima. Na wanawake weusi waliotegemewa kiasi hicho walitengwa: ofisi yao ilikuwa upande wa magharibi, choo chao cha peke yao, na kwenye mkahawa meza yao ilikuwa na kibao kinachowatambulisha kuwa wakokotoaji weusi. Miriam Mann, mmoja wao, alikiondoa kibao hicho akakitia mkobani. Kikawekwa kingine, akakichukua nacho. Mwishowe vibao vikakoma, na ushindi huo unastahili kukumbukwa sawa na hesabu zozote walizozifanya.

Mwaka 1949 Vaughan alikabidhiwa uongozi wa kitengo hicho cha magharibi cha wakokotoaji weusi, akawa msimamizi wa kwanza mweusi katika NACA. Habari za nafasi za kazi zilisambaa kwa mdomo. Katherine Johnson, naye aliyekuwa mwalimu, alizisikia mwaka 1952 kwenye mkusanyiko wa familia, akaanza kazi 1953 chini ya Vaughan. Punde Vaughan akampeleka kwenye kitengo cha utafiti wa safari za ndege. Mwaka 1962, kabla ya kuizunguka dunia, mwanaanga John Glenn alitaka Johnson ahakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta.

Kitengo cha magharibi kilivunjwa mwaka 1958, NACA ilipogeuka kuwa NASA. Vaughan alikuwa ameona kwamba mashine zitachukua kazi ya vidole. Akajifunza lugha ya programu ya FORTRAN, akawafundisha na wenzake. Ajira ile ya muda aliiacha mwaka 1971, alipostaafu.