Ujiji, Bujiji na Majina Yenye Wenyewe Wengi

Msomaji mwenye sikio la lugha akizipitia kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji atakutana na Buzebazeba, Buhanda na Businde. Akirudi kwenye jina la manispaa yenyewe atakutana na Ujiji, na hapo hana budi kujiuliza: imekuwaje majirani watatu waanze na bu-, na huyu wa nne, aliye maarufu kuliko wote, aanze na u-?

Jibu limo ndani ya ngeli. Kiha, kama Kirundi na Kinyarwanda, huita nchi kwa kiambishi bu-: Buha ni nchi ya Waha. Kiswahili kwa kazi hiyohiyo hutumia u-: Uha, Unyamwezi, Ugogo, hata Uingereza na Ufaransa. Ngeli ni moja; Kiswahili kimeidondosha b yake na jirani zake wameitunza. Kwa hiyo anayesema Bujiji na anayesema Ujiji wanaita mahali pamoja kwa shina moja, ila kila mmoja amesimama katika lugha yake. Kiambishi hakitwambii mahali palipo. Kinatwambia nani aliyekuwa akipaita.

Bujiji ilikuwa mojawapo ya tawala za Buha, pamoja na Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Haikuwa mji. Richard Burton na John Speke walipofika pwani ya ziwa hili tarehe 13 Februari 1858, kijiji walichoshukia kiliitwa Kawele. Ujiji kwao ilikuwa nchi nzima inayokizunguka. Misafara iliyotoka pwani na Tabora haikuwa na haja ya kutofautisha. Mtu aliyekuwa Tabora akisema anakwenda Ujiji alimaanisha sokoni, kwenye pembe, watumwa, chumvi, mawese na mitumbwi ya kuvukia. Jina la nchi likazoea kutajwa kwa ajili ya soko lake, hata likasinyaa likawa jina la mji. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, dunia ya magazeti ilipokea Ujiji ikiwa mji, na Bujiji ikabaki kwa wenye Kiha. Wenzake wa zamani wamepata bahati nyingine: Buyungu na Muhambwe bado ni majina ya majimbo ya uchaguzi, na bado yanataja eneo, wala si kitongoji.

Tazama sasa upande wa kaskazini mwa ziwa. Wageni walioongozwa na wasafiri wenye kusema Kiswahili waliandika Urundi na Usumbura. Uhuru wa mwaka 1962 ukaleta Burundi na Bujumbura. Wenyewe walilirudisha kiambishi chao, kwa kuwa waliobaki na mamlaka ya kupaita walikuwa wasemaji wa Kirundi. Kwetu Ujiji jambo hilo halikutokea, na sioni kwamba ni unyonge. Kwa miaka mingi wakazi wa mji ule walikuwa wakiishi, wakiuziana, wakioana na kusali katikati ya Kiswahili, hata u- ikawa yao. Uganda nayo imebaki na u- ya misafara, ingawa ndani yake Buganda imeshika bu- yake bila kutetereka.

Kigoma ni kisa kingine. Katika karne ya kumi na tisa haikuwa na sifa ya Ujiji. Iliyokuwa nayo ni ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo, wakati pwani ya Ujiji iko wazi na ina kina kifupi. Wajenzi wa reli ya kati wa Kijerumani waliiangalia ghuba, hawakuangalia historia. Reli iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912 iliingia Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na kituo kikachukua jina la mahali kilipojengwa. Kuanzia hapo jina Kigoma lilichapwa kwenye tiketi, kwenye mizigo, kwenye ramani, kisha likapanda kuwa la wilaya na la mkoa. Ujiji lilikuwa jina kubwa likasinyaa, na Kigoma lilikuwa dogo likatanuka. Kistariki kilicho katikati ya Kigoma-Ujiji kinawaunganisha ndugu wawili waliopishana njiani.

Kuhusu umbo la jina hili ningependa wapenzi wa sarufi wawe na subira. Kuna shina -goma, lile la ngoma, lililoenea katika lugha za Kibantu. Kwa Kiswahili kigoma ni ngoma ndogo. Kuna pia Wagoma, watu wa ng'ambo ya magharibi, ambao nchi yao ni Ugoma. Kwa kanuni za Kiswahili lugha yao ingeitwa Kigoma. Kuna Kigoma nyingine karibu na Uvira nchini Kongo, na nyingine tena kusini mwa Rwanda. Na kuna Goma, mji wa Kivu. Mtu akitaka kujenga hadithi ya asili atapata mbao za kutosha kujengea nyumba tatu. Lakini mfanano wa umbo si hati ya ukoo. Lugha zenye mashina mamoja na viambishi vimoja zitazaa majina yanayofanana mahali ambapo watu hawajapata hata kuonana. Ruguru ya Buha na Uluguru wa Morogoro zinashiriki shina la mahali pa juu. Hakuna anayedai kwamba Waluguru walitoka Kasulu. Ndani ya manispaa hiihii kuna kata iitwayo Kagera iliyo mbali sana na mto na mkoa wa Kagera, na kata mbili za Mwanga zisizohusiana na Mwanga ya Kilimanjaro. Majengo hata sihesabu, maana karibu kila mji wa Afrika Mashariki unayo.

Jina lililokaa vyema kuliko yote katika mkoa huu pengine ni Uvinza. Ni mji, ni kituo cha reli, ni wilaya, na watu wake ni Wavinza. Na kuna kazi iliyobeba jina hilo: chumvi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba maji ya chumvi ya Uvinza yalikuwa yakichemshwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza wa pwani kuvuka Malagarasi na kutozwa hongo. Wajerumani walipoanzisha kiwanda chao cha chumvi mwanzoni mwa karne ya ishirini walikiita Gottorp, jina la ngome ya kaskazini kwao. Leo ukimwuliza mkazi wa Uvinza habari za Gottorp atadhani ni dawa. Jina la kuletwa halikudumu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulitumia baada ya wenye nalo kuondoka.

Tanganyika lilianza kwa maji. Burton alilifasiri kwa kitenzi cha kukutana na kuchanganyika, na fasiri hiyo ina uzito kwa anayejua kutanganya, umbo la zamani la kuchanganya, pamoja na kutangamana tunayoitumia hadi leo. Stanley aliona ndani yake nika, uwanda, yaani ziwa lililotandaa kama mbuga. Mimi nampa Burton kura, kwa sababu za masikio tu. Mwaka 1920 Waingereza walilitwaa jina la ziwa wakaipa nchi nzima, mpaka Tanga na Lindi ambako watu hawajawahi kuonja maji yake. Nchi ikapata uhuru kwa jina hilo mwaka 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na ndani ya Tanzania ikabaki silabi ya mbele. Lakini jina halikufa. Mkoa wa Katavi una Wilaya ya Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa, tangu mwaka 2015, Kongo ina jimbo la Tanganyika lenye makao yake Kalemie. Msafiri wa leo anaweza kutoka Tanganyika akavuka Tanganyika akateremka Tanganyika. Akipanda Liemba, meli iliyozaliwa ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916 na kurudi kazini mwaka 1927, atakuwa amepanda juu ya jina jingine la ziwa lilelile, lililosikiwa na Livingstone upande wa kusini.

Hata vyakula vina mambo haya. Dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza na dagaa wa baharini ni samaki wa jamii tofauti waliopewa jina moja kwa sababu ya udogo wao. Jina la mji ndilo linalowatenganisha kwenye gunia. Warundi huwaita ndagala, na undugu wa maneno hayo mawili unasikika bila kufundishwa. Kisha kuna kinyume chake: dagaa wa ziwa letu walipelekwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kariba mwaka 1967 na 1968. Samaki walifika, jina halikufika. Kivu wakaitwa sambaza, Kariba wakaitwa kapenta.

Nimeyataja hayo yote ili nifike kwenye jina lililowagharimu watu.

Manyema, au Maniema kwa tahajia ya Kifaransa, leo ni jimbo la Kongo lenye makao yake Kindu. Lilitengwa na Kivu mwaka 1988. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa jina ambalo wafanyabiashara wa pwani walilitumia kwa nchi pana ya magharibi, iliyoanzia mbali kidogo na ziwa na kuendelea hadi mto Lualaba, kwenye masoko ya Nyangwe na Kasongo. Ndani ya nchi hiyo waliishi Wabangubangu, Wakusu, Wazimba na wengine wengi, kila watu na lugha yao na jina lao. Waliletwa Ujiji wakiwa mateka. Wengine walikuja wakiwa wapagazi, askari wa misafara, mafundi, wake za watu. Walipofika upande huu hapakuwa na aliyeuliza mtu ni Mkusu au Mzimba. Wote walikuwa Wamanyema, na baadaye hata watu wa pwani ya magharibi ya ziwa, Wabwari na Wagoma, waliingia chini ya mwavuli huo.

Ndipo likatokea jambo ambalo naliona la ajabu kuliko fasiri zote za Tanganyika. Jina walilobandikwa walilichukua, wakalifanya lao. Likawa jina la jamaa ya watu wa mjini, Waislamu, wenye Kiswahili kama lugha ya nyumbani, wenye kuzikana na kuozana. Lilisafiri nao kurudi mashariki kwa njia ya reli, mpaka Tabora na Dar es Salaam, ambako Msikiti wa Manyema pale Kariakoo unalibeba hadi leo. Nchini Kongo kwenyewe wasemaji wa Kiswahili wa zamani walijulikana kwa jina la waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mtu aliyevushwa akiwa mtumwa, mjukuu wake alisimama upande mmoja wa ziwa akiitwa Mmanyema, na binamu yake upande wa pili akiitwa mwungwana.

Sasa jina hilohilo, kwa kuwa linafanana na la jimbo la nchi jirani, limegeuka swali. Wenye asili ya Kigoma wanalijua swali lenyewe. Kijana anakwenda kutafuta hati, mezani anaulizwa kabila, anasema Mmanyema, na kalamu inasita: «Kwani Manyema si Kongo?» Mha naye huulizwa kama si Mrundi, kwa sababu ya lafudhi na kwa sababu ya majina yanayoanza na Nta- na Nde-. Malalamiko haya yamesemwa hadharani kwa miaka mingi na watu wa mkoa huu, bungeni na nje ya bunge.

Sheria ya uraia iliyokuja na uhuru wa mwaka 1961 iliuliza mtu amezaliwa wapi na mzazi wake amezaliwa wapi. Haikuuliza jina la kabila lake linafanana na la mkoa gani wa nchi gani. Na ikiwa kufanana kwa jina ni ushahidi wa ugeni, basi tuanze na wakazi wa Wilaya ya Tanganyika, kwa kuwa Kalemie nayo iko Tanganyika. Tuwafuate wa Kigoma wote, kwa ajili ya Kigoma ya Uvira. Afisa anayeujua mfano wa dagaa hawezi kuamua asili ya samaki kwa jina lililoandikwa kwenye gunia. Mmanyema wa Ujiji ni wa Ujiji. Jina lake lilipewa maana liliyo nayo katika mitaa ya hapa, na maana hiyo huipati Kindu hata ukiitafuta.

Kwa watunzi niongeze neno la kiufundi. Ujiji na Bujiji zote ni mizani tatu na kina chao ni kimoja, ji. Mtunzi akichagua kati yao, arudhi haimlazimishi lolote. Amechagua kwa sababu ya anayesema ndani ya shairi, kama ni bibi wa kilimani anayesema Kiha au mchuuzi wa pwani. Buzebazeba ni mizani tano na haina mbadala wa u-, maana sijasikia mtu yeyote akisema Uzebazeba. Kigoma na Manyema nazo ni mizani tatu kila moja, na zinakutana kwenye ma.