Kipepeo pundamilia: Mdudu aishiye miezi kwa kula chavua

KIPEPEO pundamilia, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Heliconius charithonia, ni miongoni mwa vipepeo wanaotambulika kwa urahisi katika nchi za joto za bara la Amerika. Mabawa yake ni marefu, membamba na meusi, yenye milia ya manjano iliyofifia. Yakikunjuliwa, hufikia upana wa sentimeta 7 hadi 10.

Hupatikana kusini mwa Marekani, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Jimbo la Florida lilimtangaza kuwa kipepeo wake rasmi mwaka 1996.

Jike hutaga mayai ya manjano kwenye machipukizi ya mimea ya jamii ya mpasheni. Viwavi wake ni weupe, wenye madoa na miiba myeusi. Majani wanayokula yana kemikali za sumu, na kipepeo mwenyewe huwa na sumu mwilini. Milia yake basi ni onyo kwa ndege.

Kinachomtofautisha na vipepeo wengi ni chakula chake. Wengi hunyonya mbochi tu na kufa baada ya wiki chache. Pundamilia hukusanya pia chavua kwenye mrija wake wa kunyonyea, huilowesha kwa mate, kisha hufyonza viini vya protini vinavyotoka humo. Lishe hiyo humwezesha kuishi miezi kadhaa, na jike huendelea kutaga muda wote huo.

Jioni vipepeo hawa hukusanyika na kulala pamoja, wakining'inia kwenye vijiti vilivyokauka. Hurejea mahali palepale usiku baada ya usiku.

Hata hivyo, mazoea hayo yana hatari yake: kichaka kimoja kikifyekwa, kundi zima hupoteza malazi. Dawa za kuua mbu nazo ni tishio. Mwaka 2016, wakati wa mlipuko wa Zika, ndege zilinyunyiza dawa ya naled katika baadhi ya maeneo ya Miami. Dawa hiyo huua mbu, lakini ni sumu kwa vipepeo pia.

Hivyo, maua peke yake hayamtoshi. Huhitaji pia mpasheni wa kulelea viwavi na kichaka cha kulala kisichoguswa.