Nilidhani Kichwa Changu Hakishiki Kitu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, sababu niliyompa mamangu ilikuwa karo. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ile nyingine: nilishaamini kichwa changu hakishiki kitu. Nilikesha na noti hadi saa kumi alfajiri, saa tatu nikaandika mtihani, na wiki mbili baadaye ukiniuliza swali lile lile nakuangalia tu.

Juzi nimesoma habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, na manze, ningemjua mapema!

Enzi zake, kumbukumbu ilikuwa kitu cha wanafalsafa kubishania. Yeye akaamua kuipima. Kuanzia 1879 alitunga silabi kama 2,300 zisizo na maana, konsonanti mbili na irabu katikati, akawa anazikariri kwa mafungu. Mbona zisiwe na maana? Kwa sababu maana inasaidia mno. Alijaribu pia kukariri beti za Byron, na kazi ikawa kama sehemu moja kwa kumi ya ile ya silabi. Na mtu wa kufanyiwa majaribio? Yeye mwenyewe, peke yake, miaka na miaka. Huyo msee alikuwa na subira ya ajabu.

Akishakariri fungu alikaa muda, kisha alilikariri upya na kuangalia ameokoa kazi kiasi gani. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 hivi. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Yaani sehemu kubwa inatoroka hata kabla hujalala! Lakini angalia mwisho: baada ya mwezi mzima bado aliokoa 21. Silabi alikuwa hawezi kuzitaja tena, ila kuzirudia kulikuwa rahisi kuliko kuanza sufuri. Kuna kitu kilibaki.

Aliyaandika yote kwenye kitabu cha 1885. Utasema ni kichwa cha mtu mmoja tu, na ni kweli. Lakini watafiti wa Amsterdam walirudia jaribio hilo wakachapisha 2015, na mchoro wao unafanana sana na wake.

Iliyoniuma zaidi ni hii. Kwa mafungu ya silabi 12, marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa 68, tena usiku, tena na njaa. Na hakuna mwalimu hata mmoja, tangu darasa la kwanza, aliyewahi kuniambia.

Wiki jana nilifukua noti zangu za takwimu chini ya kitanda. Sura iliyowahi kunimaliza usiku mzima, nimeielewa kwa saa moja na nusu. Kurudi chuo sijasema, kwa hivyo mama akisoma hapa asianze kupigia shangazi simu.