Taa ya Injini na Milima ya Upare

Wazee husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wakulima wa Upare wajua vema kwamba si kila wingu likaalo juu ya Shengena huleta mvua, wala hapandi mtu mahindi kwa kutazama wingu moja tu. Katika magari ya zama zetu limo wingu la namna hiyo, nalo ni taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, iwakayo mbele ya dereva. Wengi huidhania kuwa ni hukumu. Kusudi la insha hii ni kuonyesha, kwa kuifuata historia yake, kwamba taa hiyo ni shahidi tu, tena shahidi aliyefunzwa kusema mambo machache. Na asiyejua alikotoka shahidi hawezi kuupima ushahidi wake.

Yafaa kuanzia Upareni kwenyewe, maana huko elimu ya kuusoma moto ni ya kale. Katika Upare wa Kaskazini, ambako siku hizi ni Wilaya ya Mwanga, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi zamani sana kabla ya Wazungu kufika, na chuma cha Upare kiliuzwa hata kwa Wachaga. Mhunzi hakuwa na chombo cha kupimia joto. Aliitazama rangi ya chuma motoni, na kazi ilipoharibika ilimpasa kujua kama kosa lilikuwa katika makaa, katika upepo wa mivukuto, au katika mchanga wenye madini. Hakuna aliyemwambia, alitambua kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine.

Reli kutoka Tanga ilipita Same ikafika Moshi mwaka 1911, na baadaye magari yakaanza kupanda milimani. Injini zake zilitumia kabureta, chombo kisichokuwa na akili ya kujua kimefika wapi. Sasa, kwa kila mita 100 za kupanda, kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 1, na Shengena, kilele kirefu kuliko vyote Upareni, chapita mita 2,400. Gari lililorekebishwa vizuri tambarare lilipofika juu lilipata hewa haba na petroli nyingi kupita kiasi, likatoa moshi mweusi na kupungukiwa nguvu. Fundi wa siku hizo alifungua plagi akaitazama. Nyeusi yenye masizi ilimwambia kwamba mafuta yamezidi. Nyeupe, kwamba yamepungua. Ya kahawia hafifu, kwamba mambo ni sawa. Makaa, upepo na madini ya mhunzi vilikuwa vimegeuka kuwa petroli, hewa na cheche, lakini njia ya kufikiri ilikuwa ile ile.

Taa yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya dereva wa milimani. Ilizaliwa kwa sababu ya moshi wa Los Angeles. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa kemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowasha macho ya wakazi wa mji ule ulitokana na mvuke wa mafuta na moshi wa magari ukipigwa na jua. Mwaka 1967 jimbo la California liliunda bodi ya kusimamia hewa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo Volkswagen ilianza kuuza gari ambalo petroli yake iligawiwa kwa umeme badala ya kabureta. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilileta sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwanza katika magari ya Volvo. Sensa hiyo huonja moshi na kuiarifu kompyuta, ili mchanganyiko ukae karibu na uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, maana ni hapo tu ambapo masega yaliyomo katika ekzozi huweza kuusafisha moshi barabara.

Hapo ndipo serikali ilipouliza: sensa ikifa, nani atajua? California ikaamuru kwamba magari ya kuanzia mwaka 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa. Kuanzia mwaka 1996 magari madogo yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kutumia lugha moja ya namba za makosa, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Sheria ya Marekani ilitaka taa iwake pale ambapo uchafu wa moshi ungeweza kufika mara 1.5 ya kiwango kilichowekwa. Ndiyo sababu katika magari yaliyotengenezwa kwa soko la nchi hiyo hata mfuniko wa tangi uliolegea huweza kuiwasha, ilhali breki zilizokwisha hazimhusu shahidi huyu hata kidogo.

Magari mengi yaliyokuja Tanzania baada ya biashara kulegezwa mwishoni mwa karne ya 20 yalikuwa yametumika kwanza Japani, na baadhi yalikuwa ya kabla ya lugha hiyo moja. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha kwa waya mfupi vishimo viwili, TE1 na E1, kisha huhesabu taa inavyopepesa: 21 ni njia ya sensa ya oksijeni, 22 ni ya sensa ya joto la maji. Kwa magari ya baadaye huchomeka mashine ya kusomea makosa. Na hapa ndipo tatizo la fani hii lilipo. Namba hutaja mzunguko wa umeme au hali iliyoonekana. Haitaji kipuri kilichokufa.

Tuchukue namba P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imelazimika kuongeza petroli kupita mpaka wake, kwa kuwa moshi una oksijeni nyingi mno. Fundi mwenye haraka husoma neno oksijeni, akabadilisha sensa. Kumbe sensa imesema kweli! Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya kupimia hewa iliyoingiwa na vumbi, filta ya mafuta iliyoziba, pampu iliyochoka, au ufa katika ekzozi kabla ya sensa. Kuvitenganisha hakuhitaji mashine ya thamani kubwa, bali mpango. Mpira uliopasuka baada ya kipimo cha hewa huathiri zaidi injini inaponguruma polepole, kwa kuwa hewa ya wizi huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Mafuta yakipanda, kasoro hupungua. Pampu dhaifu au filta iliyoziba hufanya kinyume: gari likisimama stendi ya Same halina neno, lakini likishika mlima kwenda Mbaga, injini ikadai petroli nyingi, ndipo upungufu hujitokeza.

Basi mlima, uliokuwa adui wa kabureta, umekuwa msaidizi wa fundi. Injini ya kisasa hupima hewa na kujirekebisha yenyewe, hivyo kupanda peke yake si sababu ya taa kuwaka. Mlima hufichua tu ugonjwa uliokuwapo tangu tambarare. Kadhalika koili yenye ufa huvumilia barabara tulivu, ikashindwa penye mzigo. Silinda ikikosa cheche, petroli isiyowaka huungua ndani ya masega na kuyayeyusha. Hapo taa hupepesa badala ya kutulia, nayo ndiyo hali pekee ambayo taa hii humtaka dereva apunguze mwendo mara moja.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwenye gari libebalo tangawizi ya Mamba, akiuziwa sensa asiyoihitaji, hupoteza faida ya safari nyingi, na ugonjwa hubaki. Wengine hung'oa balbu ya taa, au hukata masega na kuyatupa, wakasema gari limepona. Huko ni kumfukuza shahidi na kudai kwamba kesi imekwisha. Moshi uliozaa sheria katika California haukomi kwa kuwa umehamia nchi isiyoupima; huvutwa na watoto wa stendi zetu.

Mashine ya kusomea ni msaada mkubwa, na si vema kuidharau kwa kuwaonea fahari wazee waliofanya kazi bila hiyo. Lakini imefupisha swali tu, haikulijibu. Kati ya namba na kipuri pana nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na akili ya mtu auliziaye petroli, hewa na cheche kwa zamu, akapima kabla ya kununua. Shule zinazofundisha ufundi wa magari zitafanya vema kumfundisha mwanafunzi historia hii kabla ya kumkabidhi mashine, apate kujua ni nani anayesema naye, na ni mambo gani msemaji huyo hakuagizwa kuyasema.