Mashine ya Wenzo: Jina Lake na Bei Yake

Kila inapotangazwa mashine mpya ya espreso ya nyumbani, ile yenye mpini mrefu unaoshushwa kwa mkono, wapenzi wa kahawa huuliza mambo mawili: itatoka lini, na itauzwa kiasi gani. Anayeuliza kwa Kiswahili ana swali jingine linalotangulia hayo. Kitu hiki kinaitwaje?

"Mashine ya mkono" ndilo jina linalokuja haraka, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi. Tuna cherehani ya mkono na kinu cha mkono, na humo mkono ndio unaotoa nguvu yote pale pale kazi inapofanyika. Mashine ninazozisema haziko hivyo zote, kama tutakavyoona. "Leva" haina kosa kubwa, ila ni kukopa nje kitu ambacho tayari tunacho ndani. Aliyesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili amekutana na wenzo katika mada ya mashine rahisi, jirani na roda. Alifundishwa kwamba wenzo una egemeo, una mzigo na una jitihada, na kwamba mpangilio wa vitu hivyo vitatu ndio unaoamua wenzo ni wa daraja gani. Basi iwe mashine ya espreso ya wenzo. Kwa wingi tuseme mashine za wenzo, tukiacha umoja huo ulivyo, maana "nyenzo" imekwisha kuchukuliwa na watu wa semina: nyenzo za kufundishia, nyenzo za kazi. Ukisema mashine za nyenzo, msikilizaji atafikiria ghala la vifaa.

Wenzo uliingiaje kwenye kahawa? Mashine za mwanzo za Italia, kama ile ya Luigi Bezzera wa Milano aliyepata hataza mwaka 1901, zilisukuma maji kwa mvuke wa bwela. Mvuke huo ulitoa kanieneo ya takriban baa moja na nusu, na kahawa ikatoka imeungua kidogo kwa sababu ya joto la mvuke. (Kipimo hiki cha baa kina bahati mbaya katika lugha yetu, kwani baa ni janga na pia ni mahali pa kunywea bia. Tutegemee muktadha.) Achille Gaggia, naye wa Milano, alitafuta njia ya kukamua bila mvuke, na baada ya Vita Kuu ya Pili alileta mashine yenye pistoni inayosukumwa na springi, huku mpini ukitumika kuikaza springi hiyo. Kanieneo ikapanda hadi kwenye baa 9 au zaidi. Juu ya kikombe likatokea povu la rangi ya dhahabu ambalo halikuwa likionekana kabla, na Gaggia akalifanya kuwa tangazo: crema caffè. Mwaka 1952 kampuni yake ilitoa Gilda, mashine ndogo ya nyumbani, na mwaka 1961 La Pavoni wakatoa Europiccola, ambayo bado inaundwa hadi leo. Mwaka huo huo wa 1961 Faema walizindua E61 yenye pampu ya umeme, na wenzo ukaanza kuondoka mikahawani.

Neno kanieneo linastahili kutazamwa, kwa kuwa limebeba hesabu yake lenyewe: kani gawanya kwa eneo. Chukua pistoni yenye kipenyo cha milimita 49, kama ya mashine ya Cremina ya Uswisi. Eneo lake ni karibu sentimita za mraba 19. Ili upate baa 9 juu ya eneo hilo unahitaji kani sawa na uzito wa kilo 170 hivi. Hakuna anayeweka uzito huo juu ya kikombe asubuhi na mapema. Lakini mpini ukiwa mrefu mara nane ya umbali uliopo kati ya egemeo na pistoni, mkono wako utadaiwa kilo ishirini na kidogo tu, na hizo unazimudu kwa kuegemeza bega. Pistoni ikipanuliwa hadi milimita 58, kipimo cha mashine nyingi za mikahawani, mzigo unapanda hadi karibu kilo 240. Ndiyo maana mashine nyingi za nyumbani za wenzo zina chujio jembamba. Anayetangaza mashine mpya ya nyumbani yenye chujio la milimita 58 na mpini mfupi anapaswa kuulizwa kani hiyo ataitoa wapi.

Hapa ndipo jina moja linapoficha mashine mbili. Ya kwanza naiita ya wenzo wa moja kwa moja. Europiccola ni ya aina hiyo. Unainua mpini, pistoni inapanda, maji ya moto yanaingia kutoka kwenye bwela na kuilowanisha kahawa. Unasubiri sekunde chache hadi matone ya kwanza yaonekane chini ya chujio, kisha unaushusha mpini taratibu na pistoni inashuka pamoja nao. Mzigo uko kati ya egemeo na jitihada: wenzo wa daraja la pili, jamaa wa toroli. Kanieneo ni ile unayoitoa wewe, na ukitetereka mkono, kahawa nayo inatetereka.

Ya pili ni ya wenzo wa springi. Kamusi zina neno kamani, na ni zuri, lakini fundi wa magodoro na fundi wa magari wote wanasema springi, nami sitawapinga. Micro Casa a Leva ya kampuni ya Elektra ni mfano wa nyumbani. Hapa mambo yanageuka juu chini: unaposhusha mpini, pistoni inapanda, springi inakazwa na maji yanaingia. Egemeo liko katikati, kwa hiyo ni daraja la kwanza. Kisha unauachia mpini upande polepole wenyewe, na springi ndiyo inayokamua. Mwanzoni springi ina nguvu zake zote, na kadiri inavyofunguka nguvu inapungua, kahawa ikimaliziwa kwa kanieneo ndogo kuliko ilivyoanza. Wapenzi wa springi wanasifu mteremko huo kwa kupunguza uchungu wa mwishoni, nami naafikiana nao. Tahadhari moja: ukiuachia mpini ghafla wakati chujio halina kahawa, hakuna cha kuuzuia, na utarudi juu kwa kasi ya kuvunja taya.

Kwa hiyo kitenzi kisiwe "kuvuta" kahawa, kama Wazungu wanavyosema kwa kukumbuka mpini wa springi. Kwetu kuvuta ni kamba au sigara, na isitoshe mwenye Europiccola hakamui kwa kuvuta bali kwa kubonyeza. Kukamua kunafaa pande zote mbili.

Sasa bei. Wanaosubiri mashine mpya mara nyingi wana matumaini ya aina moja: haina pampu, basi itakuwa rahisi. Hawajui kwamba pampu ndogo inayotetemeka ndani ya mashine za kawaida za nyumbani ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa. Kuiondoa hakupunguzi kitu cha maana. Kilichoingia mahali pake ni silinda ya shaba nyeupe iliyochongwa kwa usahihi, pini za chuma zinazobeba mamia ya kilo, na kitako kizito ili mashine isipinduke unapobonyeza. Vyote hivyo hutengenezwa kwa idadi ndogo.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, ni joto. Mashine zisizo na bwela, kama Cafelat Robot na ndugu zake wa Flair, zinakutaka umimine maji ya birika mwenyewe, na bei zake huwa za mamia ya dola. Ukiongeza bwela unasogea kwenye dola elfu moja, ilipo Europiccola. Europiccola yenyewe ina kasoro inayojulikana: baada ya vikombe vitatu hivi mfululizo, kichwa kinachobeba chujio kinapata moto kupita kiasi na kahawa inaungua. Kuzuia hilo kwa kifaa cha kurekebisha joto au kwa kichwa kizito zaidi ndiko kunakopandisha bei, na Cremina hupita dola 3,000. Ukisikia mashine mpya imetangazwa kwa bei ya katikati, tazama kwanza wamefanya nini na joto.

Bei inayotangazwa kabla ya mashine kutoka nayo inataka jina. "Bei elekezi" ingefaa, ila Tanzania tumeizoea kwenye sukari, ikiwa na sauti ya serikali ndani yake. Nasema tu bei ya kuagizia. Pesa inayotangulia ina jina lake la biashara tangu zamani, arbuni, ingawa vijana wanaweza kuiita kishika uchumba na wasiwe mbali na ukweli, kwa kuwa harusi huahirishwa. Aliyetoa arbuni anabeba sehemu ya hatari ya kiwanda ambacho hakijamaliza kuunda, na punguzo analopewa ni malipo ya hatari hiyo. Punguzo likiwa dogo na tarehe ikiwa haijulikani, mimi ningesubiri.

Msomaji wa huku ana hesabu ya ziada. Bei ya duka la Milano tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya Italia, asilimia 22, kwa hiyo euro 1,220 dirishani ni euro 1,000 za mashine. Bei ya Marekani hutajwa bila kodi ya mauzo, na kuzilinganisha mbili hizo zilivyo ni kujidanganya. Sasa chukua mashine ya dola 1,000, usafirishaji na bima dola 150, na tukadirie ushuru wa forodha wa asilimia 25: unafika dola 1,437. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania Bara, asilimia 18, na jumla inakaribia dola 1,700 kabla ya wakala wa forodha. Kenya kodi hiyo ni asilimia 16. Uliza pia kama ni toleo la volti 230, kwa sababu mashine zinazolenga Marekani ni za volti 120.

Lililobaki ni mipira ya pistoni. Huchakaa, na mashine ya wenzo bila mipira mizima huvujisha maji badala ya kukamua. Mipira ya Europiccola za miaka ya zamani bado inauzwa, na mwenye bisibisi na subira anaibadilisha mezani kwake. Mashine inayosubiriwa haina historia hiyo, hivyo agiza seti mbili za mipira kwenye kifurushi kile kile.