Deki Ilitangulia Antena

Anayetafuta mtandaoni vipindi vya zamani vya televisheni ya Afrika Mashariki hukutana na picha za namna mbili. Zipo zilizopakiwa na kituo chenyewe: safi, zimenyooshwa, nembo imekaa pembeni, matangazo ya biashara yameondolewa. Na zipo zilizotoka kwenye kanda ya nyumbani. Hizo rangi zake zimechujuka, sauti inazama na kuibuka, na chini kabisa ya picha kuna mchirizi mwembamba unaotetemeka, alama ya kanda ya VHS ambayo mtu wa ufundi huitambua kabla hata hajasikia neno. Matangazo yamo, ya sabuni na ya mafuta ya kupikia, kwa sababu aliyerekodi hakuwahi kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Watu wakiziona picha hizo husema kwamba mtandao umevifufua vipindi vilivyokufa. Usemi huo unapendeza, lakini historia yetu inaukataa. Watazamaji wa eneo hili walikwisha kuzoea kukichomoa kipindi kutoka saa yake na kituo chake muda mrefu kabla ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005, na sehemu moja kubwa ya eneo hili ilizoea kuchagua picha kabla haijazoea kupangiwa.

Tuanze na tarehe, maana hoja yenyewe imelala humo. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, karibu na uhuru, na kwa karibu miaka thelathini mtazamaji wake alikuwa na kituo kimoja tu, kile kilichojulikana kama Sauti ya Kenya na baadaye, mwaka 1989, kikawa KBC. Mshindani wa kwanza, KTN, alifika 1990. Uganda ilianza 1963. Zanzibar ilianza 1973, na ilianza moja kwa moja na picha za rangi wakati nchi nyingi barani bado zilikuwa na nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo wananchi wake wengi waliishi vijijini na walifikiwa na redio. Vituo vya binafsi viliruhusiwa na kuanza kurusha mwaka 1994, televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Lakini kutokuwa na kituo hakukuwa na maana ya kutokuwa na kioo. Katika miaka ya themanini deki za video zilikwisha kuingia, nyingi zikiletwa na mabaharia, wafanyabiashara na waliokuwa na jamaa Ughaibuni, na palipokuwa na deki moja palizuka mkusanyiko. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza alijua kuchagua mkanda, kuusimamisha, kuurudisha nyuma na kuutazama mara ya tano, kabla hajajua maana ya kungoja taarifa ya habari saa mbili usiku. Kule kwa wenzetu wa Ulaya, kutazama kwa wakati unaoutaka kulikuja kama ukombozi kutoka kwenye ratiba. Tanzania Bara, ratiba ndiyo iliyokuja baadaye.

Kibanda cha video, ambacho siku hizi wengi hukiita kibanda umiza kwa jinsi mabenchi yake yanavyoadhibu migongo, kinastahili nafasi kubwa katika historia ya habari kuliko kinavyopewa. Ukuta wa mabati au makuti, kioo kimoja juu ya meza, ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo, kiingilio kidogo anachokusanya kijana wa mlangoni. Anayeamua nini kitaonyeshwa ni mwenye kibanda, lakini kwa kweli anaamua kwa kuusikiliza mtaa: picha iliyoshangiliwa itarudi kesho, iliyozomewa itarudishwa ilikoazimwa. Humo ndimo ilimozaliwa kazi ya mfasiri wa picha. Tanzania ilimjua Lufufu, ambaye sauti yake ilifunika filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili cha mjini, akiwabatiza wahusika majina, akichomeka methali na utani usiokuwamo katika picha asilia. Uganda ina wanaoitwa VJ, nao wamo hadi leo. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye alianzia kwenye vibanda na diski, na leo sauti yake imejaa mitandaoni. Kazi ya watu hawa ilikuwa kuichukua picha iliyotengenezwa mbali, kwa watazamaji wengine, na kuipa watazamaji wapya ambao mtengenezaji hakuwahi kuwawazia. Hicho ndicho kinachosifiwa leo kama uvumbuzi wa mtandao.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine lakini yakafika palepale. Vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vilitoka katika kituo pekee cha taifa, kwa saa iliyopangwa, na anayevikumbuka huvikumbuka pamoja na jirani aliyekuwa na televisheni. Tazama umbo la Vioja. Mshtakiwa anapanda kizimbani, anasomewa shtaka, anajitetea kwa ujinga au kwa ujanja, mashahidi wanapingana, hakimu anatoa hukumu, kesi imekwisha. Huhitaji kujua kilichotokea wiki iliyopita. Kesi moja inaweza kusimuliwa na mtu mmoja ndani ya matatu kutoka stendi hadi kituo cha tatu, na ilisimuliwa hivyo, na mwanafunzi aliyeikosa usiku aliipata asubuhi darasani ikiwa na chumvi zaidi. Vitimbi nacho kilisimama juu ya watu ambao sauti zao ziliigika. Benson Wanjau, aliyejulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya wengi waamini kwamba Ujaluoni ndiko alikozaliwa. Naye Mary Khavere, Mama Kayai, akamjibu kwa ukali wa mke aliyechoka. Lafudhi ya Ojwang iliigwa na watoto wasiokuwa na televisheni kwao. Kipindi cha namna hiyo kilikuwa kinasambaa kwa vipande, kwa midomo, nje ya uwezo wa kituo, tangu siku ya kwanza. Ndiyo sababu kinakaa vizuri ndani ya simu leo: kilikwisha kukatwakatwa na watu wenyewe.

Baada ya 1994 Tanzania Bara ilishuhudia jambo ambalo wanahistoria wa burudani hawajalitilia mkazo wa kutosha. Vikundi vya maigizo kama Kaole vilipata umaarufu kupitia kituo cha binafsi cha ITV, na nyota wake, Steven Kanumba na Vincent Kigosi wakiwa mbele, hawakukaa kwenye televisheni wakazeeka nayo. Walitoka, wakatengeneza filamu zilizotoka moja kwa moja kwenye kanda na baadaye diski, zikauzwa Kariakoo na kufika Kigoma, Bujumbura, Lubumbashi na Mombasa. Msanii alikiacha kituo kwa sababu soko la kanda lilikuwa pana kuliko mawimbi ya kituo. Kanumba alipofariki Aprili 2012, waliofurika kumzika waliomboleza mtu ambaye wengi wao walimjua kwa diski, si kwa antena. Soko hilo likaja kuliwa na nakala za wizi na baadaye na simu, na waigizaji waliobaki wakahamia kwenye chaneli za kulipia na kwenye mtandao. Anayeona hapo mapinduzi ya ghafla hajafuatilia. Ni safari ileile, imebadilisha chombo.

Chombo chenyewe kilifika kwa hatua zinazojulikana. Mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani yetu, EASSy ikafuata 2010, na video ikaanza kuchezeka bila kukwamakwama. YouTube wakati huo haikumruhusu mtu wa kawaida kupakia zaidi ya dakika 10, na tangu 2010 dakika 15, hivyo kipindi cha nusu saa kiliwekwa kikiwa kimepasuliwa: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, sehemu ya tatu, na mara nyingi ya tatu haikuonekana. Kisha serikali zenyewe, bila kukusudia, zikawasukuma watu huko. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia usiku wa kufunga mwaka 2012. Kenya iliingia katika mvutano mahakamani kuhusu kuhamia dijitali, na mwaka 2015 vituo vyake vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Mwenye televisheni ya chogo alijikuta anahitaji king'amuzi ili aone kile alichokuwa akikiona bure. Simu aliyokuwa nayo mfukoni ilihitaji bando tu.

Yapo mapingamizi, na moja lina uzito. Inasemwa kwamba televisheni ya zamani ililifanya taifa licheke kwa wakati mmoja, na kwamba simu imemfungia kila mtu chumbani na kicheko chake. Ni kweli kwamba bibi na mjukuu hawakai tena mbele ya kioo kimoja kwa urahisi, na kipindi kilichotengenezwa kikijua kwamba bibi yumo kilikuwa na adabu fulani ambayo kipindi cha simu hakilazimiki kuwa nayo. Hilo limepotea na sioni litarudije. Lakini tusiusifu mno umoja uliotokana na kukosa chaguo. Kenya nzima ilitazama kituo kimoja kwa sababu hakikuwepo cha pili, na kituo hicho kilikuwa cha serikali, kikionyesha kile serikali ilichotaka kionekane. Na kama kigezo ni kukutanisha watu, basi hesabu na wale ambao antena haikuwafikia kamwe. Mzanzibari aliyehamia Muscat hakuweza kunasa televisheni ya Zanzibar. Alingoja kanda ya harusi au ya taarabu iliyofika ndani ya begi la msafiri. Leo yeye na dada yake aliyebaki mtaa wa Ng'ambo, Unguja, wanatazama kitu kimoja usiku mmoja, na chini ya picha wanabishana, wanasalimiana, wanawataja marehemu. Baraza limehama, na wanaokaa wengine ni wapya.

Pingamizi la pili ni kwamba wapakiaji wa kanda za nyumbani ni wezi. Kisheria wanaweza kuwa wamekosea, kwa kuwa kipindi kina mwenyewe. Ila swali la historia ni nani alikihifadhi. Kanda za studio zilikuwa ghali, na kituo chenye bajeti finyu kilikuwa na kishawishi cha kurekodi kipya juu ya cha zamani. Hata BBC, yenye fedha zake, ilifuta kanda nyingi za miaka ya sitini na sabini. Zaidi ya vipindi 90 vya Doctor Who havijulikani viliko, na baadhi ya vilivyorudi vilipatikana Nigeria, vikiwa vimesahaulika katika kituo cha televisheni. Kama tajiri alifanya hivyo, si ajabu kwamba kwetu kanda ya mtazamaji mara nyingine ndiyo nakala pekee. Kumwita mwizi mtu aliyetunza alichokitupa mwenye kipindi ni kuliweka kosa mahali pasipo pake.

Anayedhulumiwa kweli katika biashara hii ni mwigizaji. Mzee Ojwang alifariki Julai 2015. Miaka michache kabla, wananchi walikuwa wamechangishana ili atibiwe macho. Sura yake bado inatazamwa na bado inaingiza fedha za matangazo. Fedha hizo zina njia za kwenda kwa mtandao, kwa kituo, au kwa aliyepakia, maana tangu 2007 YouTube ina mfumo wa kumtambua mwenye haki na kumpa mapato. Mfumo huo unamtambua mmiliki wa picha, haumtambui aliyemo ndani ya picha. Mikataba ya miaka ya sabini na themanini haikuweza kutaja kitu ambacho hakikuwepo, na mkataba wa kimataifa wa kuwalinda waigizaji wa picha, uliopitishwa Beijing mwaka 2012, ulianza kufanya kazi 2020 tu. Vituo vinavyojivunia hazina zao mtandaoni vingeweza kuanza bila kungoja mkataba wowote: jina kamili la kila mwigizaji chini ya kila kipindi, na fungu la mapato kwa walio hai na kwa familia za waliokufa.

Nawe uliye na kanda ndani ya sanduku chini ya kitanda, usiingoje serikali. Kanda huota ukungu, na kuinakili hakuna njia ya mkato: ya saa moja huchukua saa moja, deki ikiwa bado inazunguka na kichwa chake kimesafishwa. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016.